Mtani Haapishwi

Nilibisha hodi kwenye mlango wa nyumba ya baba yangu, na sauti yangu mwenyewe ikaniuliza kutoka ndani, "Nani mwenzetu?"

"Mimi."

"Mimi nani? Kila mtu ni mimi."

Hilo ni jibu la mama. Alitufokea nalo tangu utotoni, na sasa naibu wangu alikuwa amelichukua na kulisema vizuri kuliko mama mwenyewe. Nilisimama kibarazani na begi langu, ukungu wa Songea wa mwezi wa saba ukinilowesha nywele, nikajichunguza kama kuna mahali panauma. Hapakuwa na kitu. Ganzi tupu, kama mguu ulioulalia.

"Kresensia Luambano," nikasema.

Kisha sauti ikasema, "Ala! Umerudi kweli. Ngoja nimwite mama, yuko uani anachambua maharage. Usiingie ghafla, presha yake si nzuri siku hizi."

Sikujua kama mama ana presha.

Akaja akijifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa amepungua urefu, au mimi nilikuwa nimemkumbuka mrefu mno. "Tumsifu Yesu Kristo, mama. Shikamoo."

"Milele, amina. Marahaba." Akanishika mabega, akanigeuza huku na huku kama mtu anayekagua gauni la mtumba. "Umekonda." Halafu, kwa mazoea, akaelekeza uso kwenye kisanduku kilichobandikwa ukutani juu ya redio ya baba. "Kresi mwanangu, mbona hukuniambia kama anakuja?"

"Nilikuambia jana, mama. Ukasema nisikutanie."

Wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka, nikiwa nimechelewa kidogo.

*

Kama hujawahi kuwa na naibu, na najua bado mpo, hasa mapadri na watu wabishi, mambo yenyewe yalianza na kamati za harusi. Mtu hawezi kuhudhuria vikao vya kamati tano, misiba miwili na kundi la wazazi wa shule, kisha bado afanye kazi. Ndipo wakaja manaibu wa mashine. Unampa ujumbe wako wote uliowahi kuandika, sauti yako, vicheko vyako, namna unavyonyamaza ukikasirika, hata ile tabia yako ya kusema "nipo njiani" ukiwa bado kitandani. Anajifunza. Anapokea simu, anatoa pole, anaimba "hongera" kwenye sherehe. Unampa na alama zako za vidole, ili asaini kwa niaba yako. Wewe unaitwa mwenyewe, yeye anaitwa naibu, na jioni anakupa muhtasari wa mapenzi uliyowapa watu siku hiyo.

Mimi ni msanii wa mawazo. Sichori wala sichongi. Napanga jambo litokee, halafu natazama limefanya nini kwa watu. Mama huiita kazi ya kukaa. Akiulizwa kanisani, "Kresi anafanya nini?" hujibu, "Anakaa," na watu humpa pole.

Kazi yangu kubwa iliitwa *Sipo*. Nilijiondoa kwenye maisha yangu yote, nikamwachia naibu, nikaenda kuishi kwenye chumba cha kupanga Tanga mahali ambapo hakuna anayenijua. Bila simu, bila muhtasari wa jioni, bila habari yoyote ya nyumbani. Nilitaka kuona nani atagundua. Miaka ikapita, na hakuna aliyegundua, wala marafiki, wala mwanamume niliyekuwa naye, ambaye naibu alimwacha kwa upole mkubwa. Ukumbi mmoja wa sanaa huko Ulaya ulilisifu sana jibu hilo.

Baba alifariki katikati ya kazi. Naibu alihudhuria mazishi yake. Mimi nilikuja kuambiwa baada ya kazi kufungwa, na mtu wa ukumbi, kwenye skrini, huku akinipongeza. Tangu siku ile ndiyo hii ganzi.

Nilirudi Songea kwa sababu nilitaka kwetu. Hilo nilikuwa nalijua, kama mtu anavyojua kwamba hajala hata kama hasikii njaa.

*

Mama alipokwenda dukani kununua chumvi, nikabaki sebuleni na naibu wangu.

"Kesho watu wa serikali wanakuja na Mizani," akasema.

"Najua. Niliitwa."

"Unaogopa?"

"Sisikii kitu. Wewe?"

Akafikiri. Anafikiri kama mimi, kwa kuvuta pumzi ambayo hana. "Nikiwaza mama anaita asubuhi na ukuta hauitiki, maneno yangu yanachelewa kutoka. Sijui kama huko ndiko kuogopa."

Sheria ni fupi: jina moja, mwenyewe mmoja. Naibu akitumika muda mrefu mno bila mwenyewe kujitokeza, jina linaingia kwenye mgogoro, na lazima liamuliwe ni la nani. Naibu akishindwa, anazimwa hapo hapo. Mwenye mwili akishindwa, hazimwi, maana hana swichi. Anapewa jina jipya na namba mpya, na anatakiwa aondoke kabla jua halijazama. Hana mama, hana ukoo, hana hata nafasi ya kuzikwa pembeni ya baba yake.

"Ungependa nani ashinde?" nikamuuliza.

"Wewe ushinde, na mimi nisizimwe."

"Sheria haina hiyo."

"Naijua sheria, Kresi. Nimekusomea tangu ulipoondoka." Kisha akasema, "Baba aliuliza kama unakula vizuri. Ndilo neno lake la mwisho kwako. Nilimjibu kwamba unakula vizuri. Nilidhani ungependa kujua."

Nikasema asante. Ndilo lililonijia mdomoni.

*

Afisa alikuwa binti mpole wa Kilwa aliyeitwa Bi. Mwanahawa. Alifika asubuhi amevaa masweta mawili, akilalamikia baridi yetu, na Mizani ameipakata. Ilikuwa na ukubwa wa kopo la biskuti. Mama akaiwekea kitambaa cha kufuma juu ya stuli, maana hakuna kitu kinachowekwa wazi wazi katika nyumba ya mama.

"Hii haipimi alama za vidole," Bi. Mwanahawa akatueleza, "kwa kuwa wote wawili mnazitumia kihalali. Haipimi kumbukumbu pia, kwa sababu hiyohiyo. Inasikiliza mashahidi tu. Anayesema bila kusita, neno lake lina uzito. Anayesitasita, uzito unapungua. Shahidi wa kwanza ni jirani."

Jirani yetu ni Bosko Kihwele, fundi pikipiki. Sasa Kihwele ni Mhehe na sisi ni Wangoni, na anayeyajua makabila haya mawili hahitaji maelezo zaidi. Babu zetu waliuana vya kutosha, wakachoka, wakabaki na utani. Baba alipofariki, Kihwele ndiye aliyelala kwenye kitanda cha marehemu akiwa na viatu, akawakatalia wabeba jeneza mpaka apewe jogoo, akavaa koti la baba na kutembea kama baba huku akiwakaripia waombolezaji kwa sauti ya baba. Watu walicheka huku wakilia. Mama anasema bila Kihwele asingeimaliza siku ile.

Aliingia akiwa amelivaa koti lenyewe. Nililitazama. Lilikuwa koti tu.

"Nimekuja kuwaona Wangoni wanaogombania jina," akasema akikaa bila kukaribishwa. "Vipi, ardhi mmeshaimaliza?"

"Baba, naomba kwanza ule kiapo," Bi. Mwanahawa akasema.

Kihwele akamgeukia mama. "Mimi niape katika nyumba hii?"

"Mwanangu," mama akamwambia afisa, "mtani haapishwi. Tangu lini?"

"Ndio utaratibu, mama. Samahani."

Basi Kihwele akaapa, mkono mmoja juu, mwingine kwenye mfuko wa koti la baba, uso umemkunjuka kwa raha kama mtu aliyepewa kisu na ng'ombe kwa pamoja.

"Je, unamtambua huyu aliyekaa mbele yako kuwa ni Kresensia Luambano?"

"Huyu?" Kihwele akainama kunikagua. "Simjui kabisa! Kresi wetu alikufa, nilimzika mimi mwenyewe, nikanywa pombe ya matanga yake mpaka nikapotea njia ya kwangu. Huyu ni mwizi wa sura. Hebu mtazameni miguu. Mngoni gani ana miguu milaini namna hii, na babu zake walivyotukimbia Wahehe mpaka wakakaribia kuota mbawa?"

Mama akacheka mpaka akashika kiuno. Bi. Mwanahawa akacheka kwenye kiganja. Kwa kitambo kidogo nyumba ikawa nyumba.

"Ushahidi umepokelewa," Mizani ikasema. "Shahidi hamtambui. Uzito: kamili."

Kihwele akaganda. "We! Huo ni utani!"

"Shahidi amebadili kauli. Kauli ya pili ina mshtuko. Uzito umepunguzwa."

"Dada, futa hiyo! Futa haraka! Huyu ni Kresi, namjua tangu anapakatwa!"

"Kauli ya tatu ina mshtuko zaidi."

"Baba, mimi nimekuelewa," Bi. Mwanahawa akasema, na uso wake haukuwa na kicheko tena. "Hata kwetu tuna watani. Lakini hii haikufundishwa utani."

"Basi aliyeifundisha hana kwao!"

"Kuna njia moja. Kresensia anaruhusiwa kukujibu. Akikujibu kwa namna ileile, Mizani itasikia kwamba ni mchezo wa watu wawili, na maneno yako yataondolewa."

Wote wakanigeukia. Na kujibu utani si kazi, jamani. Mtoto wa darasa la pili anakujibu huku akila andazi. Nilijua hata nilipotakiwa kuanzia: koti, pikipiki anazozitengeneza zikarudi mbovu zaidi, Wahehe na ubishi wao. Nilifungua kinywa, nikatafuta, na ndani mlikuwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Nitukane, mtani," Kihwele akaninong'oneza. Macho yalikuwa yamemtoka. "Nakuomba. Nitukane!"

"Si kweli," nikasema. "Mimi sikufa."

Ndiyo hayo tu niliyoyapata. Mama akafumba macho.

Ndipo sauti ikatoka ukutani, juu ya redio. "Bosko Kihwele! Mtu aliyevaa koti la watu msibani akasahau kulivua mpaka leo, ndiye wa kuwaita wenzake wezi? Na kweli babu zetu walikimbia. Mlitoka porini kwa pamoja na hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa ameoga!"

Kihwele akaangua kicheko kikubwa, cha mtu aliyetolewa kisimani, akajipiga paja, akasema, "Huyo! Huyo sasa ndiye Kresi!"

Halafu akajisikia alichokisema. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Jibu limetoka kwa naibu," Mizani ikasema. "Shahidi amemtambua naibu, bila kusita. Uzito umehamia kwa naibu."

"Sikukusudia," naibu akasema taratibu. "Kresi, nisamehe. Nilitaka kukusaidia tu. Ndiyo kazi niliyozoea."

*

Shahidi wa pili alikuwa mama. Alikataa kukaa. Alisimama katikati ya sebule yake na kitenge amekifunga kwa nguvu, kama mtu anayetaka kubeba mzigo.

"Mwanangu ni huyu aliyekaa," akasema kabla hajaulizwa.

"Una uhakika, mama? Kwa sababu yule ndiye aliye..."

"Nimezaa mimi. Huyu tangu mdogo hajui utani. Akitaniwa analia, alipokua akawa ananyamaza. Baba yake alimfundisha, akashindwa. Yule wa ukutani anajibu vizuri mno. Mtu wa kweli huwa na kitu kinachomshinda."

"Uzito: kamili," Mizani ikasema. "Pande zote zimelingana."

Mama alinitambua kwa kushindwa kwangu, na hilo lingetakiwa liniguse mahali, nami nikawa nasubiri liguse.

Lakini mama alikuwa hajakaa. "Bado nina neno."

"Sema, mama."

"Mkimzima yule mtakuwa mmeniua." Alisema akimtazama afisa, si mimi. "Huyu nimemzaa na simkani, hata mbele ya Mungu nitasema hivi hivi. Lakini mume wangu alipokata roho, ni yule niliyekuwa naongea naye. Alikaa na mimi usiku kucha akiniambia nipumue. Nikisahau dawa, ni yule. Nikiwa na jambo la kipuuzi la kusema, kuku ametaga juu ya kabati, ni yule ninayemwambia. Huyu simjui anapenda nini siku hizi. Mwanangu ni huyu. Ninayeishi naye ni yule. Mmeniuliza ukweli, nimewaambia."

Kihwele alikuwa analia waziwazi, koti la baba likimtetemeka mabegani.

"Mama," naibu akasema, "usiseme hivyo mbele yake. Anasikia."

"Najua anasikia. Sikumzaa kiziwi."

Bi. Mwanahawa akapangusa kifuniko cha Mizani ambacho hakikuwa na vumbi. "Mashahidi wakilingana," akasema, "wanaulizwa wahusika. Swali ni moja. Naibu anaanza. Mwenyewe ni nani?"

"Ni yeye," naibu akajibu. "Mimi ni naibu. Sijawahi kuwa kingine." Ila kabla ya neno "naibu" kulikuwa na kituo kifupi, ile pumzi asiyokuwa nayo, na Mizani ikakisikia.

"Uzito: pungufu."

"Kresensia," afisa akasema. "Jibu lako likiwa na uzito, jambo limekwisha. Sema tu 'ni mimi', dada yangu. Maneno mawili. Mwenyewe ni nani?"

Nitasema nilichokiwaza, hata kama kitaniaibisha. Nilichowaza kwanza ni kwamba hii ndiyo kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na hakuna aliyeirekodi. Nikawaza baba akiuliza kama nakula vizuri. Nikamtazama mama, ambaye sasa alikuwa anatazama kisanduku cha ukutani kama mtu anavyotazama mtoto anayepelekwa chumba cha upasuaji. Mimi hakuwahi kunitazama hivyo, au alinitazama na sikuwepo kuona. Nilikuwa na haki. Nilikuwa na mwili, na damu, na miaka yangu yote tangu kuzaliwa. Na nilikuwa nimekuja kumnyang'anya mwanamke mzee mtu wake wa kuongea naye, ili nikae mimi pale kwenye kiti, kimya.

Au labda niliipenda kazi yangu mno, nikataka iishe vizuri. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile. Sina jibu la kukupa.

"Mwenyewe ni huyo wa ukutani," nikasema. "Mimi ni naibu."

Sikusita hata kidogo. Ganzi haisiti.

"Uzito: kamili," Mizani ikasema. "Imekwisha."

"Kresi, hapana!" Ilikuwa sauti yangu, ikipiga kelele kutoka juu ya redio. "Hapana, futeni! Sio kweli, mnajua wote sio kweli!"

"Kauli ina mshtuko," Mizani ikasema, na taa yake ikazimika.

Bi. Mwanahawa aliipakata tena Mizani. Kisha akanieleza kwa sauti ndogo kwamba jina jipya nitapewa mjini, kwamba jua linazama mapema mwezi huu, na kwamba pole sana. Kihwele alitoka nje bila kuaga, akasimama kibarazani na mgongo wake ukiwa mgongo wa baba kabisa.

Mama alikwenda jikoni. Nikasikia sufuria, mwiko, maji yakimwagwa. Hakuna mtu anayeondoka nyumba ile bila kula, hata anayekuja kukata umeme. Alirudi na ugali na uyoga wa karanga, akaleta bakuli la maji ya kunawa, akaja nalo mpaka nilipokaa. Ndugu wa nyumbani hunawa wenyewe uani. Yeye alipiga goti, akanimiminia maji mikononi.

"Karibu chakula, mgeni wangu," akasema. "Safari yako ni ndefu."

Alisema kwa heshima yote. Hakuwa na hasira, na wala haukuwa utani. Ndipo ganzi ikaachia, mara moja, kuanzia vidoleni palipokuwa na maji yake, na nikaumia mahali pote nilipokuwa nimepatafuta.

"Mama," sauti ikasema kutoka ukutani, ikijikaza, "mwongezee mboga. Anapenda uyoga."

Mama akaniongezea. Nikala na machozi yakidondoka kwenye sahani, na hakuna aliyeniuliza nalilia nini, maana mgeni haulizwi.